Unga wa rangi mbili hauponyi donda ndugu

Karibu kila mtaa una mtu anayejua "dawa ya kukausha kidonda". Atakuelekeza ununue vidonge vya rangi mbili, ukifungue kimoja kwa kuvuta pande zake, umwage unga wake juu ya kidonda kilichooshwa kwa maji ya chumvi, kisha usubiri. Kesho yake kidonda kina gaga juu, majimaji yamepungua na mgonjwa anasema usiku amelala vizuri. Ndiyo maana ushauri huu haufi. Wazazi wa leo waliona bibi zao wakifanyiwa hivyo, na sasa wanawafanyia watoto wao wakichubuka magoti.

Goti la mtoto mwenye afya lingepona hata bila unga huo. Mwili ndio uliofanya kazi, sifa zikaenda kwa kidonge. Tatizo huanza pale unga huohuo unapohamishiwa kwenye kidonda kinachokataa kufunga, kile ambacho Waswahili tangu zamani wanakiita donda ndugu. Hapo unga hauponyi. Badala yake unawafundisha bakteria kuishi na dawa, na gharama ya somo hilo hailipwi na mgonjwa peke yake.

Kidonda cha ndala

Katika nyumba moja ya Mbagala, Dar es Salaam, donda la namna hiyo lilianzia kwenye ndala. Bibi wa nyumba hiyo, mwenye miaka 63, alinunua ndala mpya na mkanda wake ukamchubua kati ya kidole gumba na kidole cha pili cha mguu wa kushoto. Hakusikia maumivu. Aligundua alipoona matone ya damu sakafuni, akadhani ni mjukuu aliyejikata. Bibi alikuwa anajua kwamba ana sukari, lakini dawa zake alikuwa akizinywa siku anazojisikia vibaya tu.

Aliyemhudumia ni mkwewe, mke wa kijana wake mkubwa, mama wa watoto wawili: mmoja wa miaka 7 na mdogo wa miezi 14. Kila asubuhi, akishamtoa mkubwa kwenda shule, alimwosha mama mkwe kidonda kwenye beseni, akamwagia unga wa kidonge, akafunga kwa kipande cha kanga ya zamani. Vidonge alivinunua kulingana na pesa iliyopo, leo vinne, keshokutwa sita. Vilivyobaki vilikaa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Mtoto akikohoa, kopo hilohilo lilifunguliwa.

Wiki ya tatu kidonda kikaanza kutoa harufu. Jirani akasema mwili wa bibi umeizoea dawa, ibadilishwe. Mama akahamia kwenye vidonge vya rangi nyingine. Mwezi wa tatu akaenda duka la dawa kuulizia kama kuna kitu kikali zaidi.

Mama huyu hakuwa mzembe. Alikuwa akitumia muda wake na pesa ya matumizi kumtunza mzazi ambaye hakumzaa, bila kulalamika. Ila siku zote alikuwa akiuliza swali lilelile: dawa ipi ina nguvu zaidi? Swali ambalo lingemsaidia ni hili: kwa nini kidonda hiki hakifungi?

Kwa nini donda linagoma

Kidonda cha kawaida kina safari yake. Kwanza damu inaganda. Kisha chembe nyeupe za damu zinafika kusafisha, ndiyo maana siku za mwanzo kuna wekundu na uvimbe kidogo. Baadaye nyama mpya nyekundu inajaza shimo, na ngozi inatambaa kutoka pembeni kuja katikati. Kwa mtu mwenye afya, mabadiliko huonekana wiki hadi wiki. Kidonda kikipita wiki nne hivi bila kuonyesha dalili ya kupungua, kuna kitu kinachokizuia, na kitu hicho mara nyingi hakipo juu ya ngozi.

Kisukari ndicho kinachojulikana zaidi. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu neva za miguu, mguu ukafa ganzi na mtu akakanyaga msumari bila kujua. Huziba pia mishipa ya damu, hivyo hewa na chakula havifiki vizuri kwenye kidonda, na dawa inayomezwa haifiki vizuri vilevile. Chembe za kinga nazo huwa nzito kufanya kazi.

Zipo sababu nyingine. Mishipa inayorudisha damu kwenye moyo ikilegea, damu hutuama miguuni na vidonda hutokea karibu na kifundo, hasa upande wa ndani. Vijana wenye selimundu hupata vidonda sehemu hizohizo, mara nyingi baada ya kuvuka miaka 10. Mgonjwa anayelala mkao mmoja siku nzima hupata vidonda vya mgandamizo kiunoni na visiginoni. Ukoma nao huua ganzi. Kuna pia ugonjwa wa Buruli, uliopewa jina la eneo moja la Uganda, ambao barani Afrika huwapata zaidi watoto chini ya miaka 15. Na mara chache, donda lililokaa miaka mingi hugeuka saratani ya ngozi.

Ugonjwa wa Buruli una antibayotiki zake maalumu zinazotolewa kwa wiki 8 baada ya vipimo. Kwa mengi ya hayo mengine, antibayotiki inaweza kusaidia pale maambukizi yanapoingia, lakini haiondoi ganzi, haizibui mshipa wala haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Bakteria wapo hata pasipo ugonjwa

Ngozi ya kila binadamu ina bakteria. Takriban watu 3 kati ya 10 wamebeba puani bakteria aina ya stafilokokasi, yule anayesababisha majipu, na wengi wao hawaumwi chochote. Kwa hiyo kidonda kilichokaa wazi kwa wiki kadhaa lazima kitakuwa na wageni. Ukipitisha pamba juu yake na kuipeleka maabara, karibu kila mara kitu kitaota. Majibu hayo peke yake hayasemi kwamba mgonjwa anahitaji dawa.

Wataalamu huangalia mwili unavyoitikia. Je, kuna uvimbe? Wekundu unaosambaa kwenye ngozi ya pembeni? Joto? Maumivu? Usaha? Zikionekana dalili mbili au zaidi, hapo wanazungumzia maambukizi. Miongozo ya kimataifa ya vidonda vya miguu vya kisukari inasema wazi kwamba kidonda kisicho na dalili za maambukizi kisipewe antibayotiki. Na pale maambukizi yapo, sampuli nzuri ya kuotesha ni kipande kidogo cha nyama kutoka chini ya kidonda, baada ya kidonda kusafishwa. Hapo ndipo anapokaa mhusika wenyewe.

Ila kwa mwenye kisukari kuna mtego: ganzi na damu kidogo vinaweza kuficha dalili. Kwa hiyo uamuzi wa kutotoa dawa nao ni wa mtaalamu aliyekiona kidonda. Haufanywi kwa simu wala dukani.

Ukoga wa kidonda

Pitisha ulimi kwenye meno asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Ule utando laini unaoteleza ni ukoga, na ukoga ni mji wa bakteria. Utelezi unaoota ndani ya ndoo ya maji isiyosuguliwa ni mji wa aina hiyohiyo. Bakteria wakitulia mahali penye unyevu hujishikiza, kisha hutengeneza ute unaowafunika. Ndani ya ute huo huishi pamoja, aina hii na aina ile, wengine wakiwa wamelala kabisa bila kula wala kuzaliana.

Kidonda sugu nacho huota utando kama huo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa hadubini yenye nguvu: walikuta utando kwenye asilimia 60 ya vidonda sugu walivyovipima, lakini kwenye vidonda vipya waliuona kwa asilimia 6 tu. Mara nyingi jicho la kawaida halitauona.

Sasa mtu anamwaga unga wa kidonge juu. Unga huo unakutana na ute kwanza. Dawa inayopenya hadi chini inakuwa kidogo, na antibayotiki nyingi huua bakteria wanaokua, hivyo wale waliolala wanapona. Siku ya pili wanaamka. Unga wenyewe hukauka na kuwa gaga linalofunika usaha usionekane, na dawa nyingine zikipakwa hivyo huleta mzio wa ngozi. Ndiyo maana kidonda kinaonekana kimekauka wiki hii, kisha kinatoa maji wiki ijayo.

Ukoga wa meno huondoka kwa kusuguliwa. Mtu hamezi kidonge ili meno yawe safi. Utando wa kidonda nao unaondolewa kwa mikono ya mtu aliyefundishwa: nyama iliyokufa inakatwa, kidonda kinaoshwa, na kazi hiyo inarudiwa, kwa sababu utando unaweza kuanza kujijenga upya ndani ya siku chache. Dawa ikihitajika, hufanya kazi vizuri zaidi utando ukiwa umevunjwa.

Dawa kidogo ni shule kwa bakteria

Watu husema, "Mwili wake umezoea dawa." Mwili hauzoei antibayotiki. Wanaobadilika ni bakteria, na bakteria hutembea kutoka mwili mmoja kwenda mwingine.

Kati ya mamilioni ya bakteria ndani ya kidonda, wachache huzaliwa na tofauti ndogo inayowasaidia. Huyu anaweza kuivunja dawa, yule anaisukuma nje kila ikiingia. Dawa ikiwa kidogo, dhaifu wanakufa, na hao wachache wanabaki na nafasi yote na chakula chote. Katika mazingira mazuri bakteria anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, mmoja anaweza kuwa zaidi ya 260,000 ndani ya saa 6. Zaidi ya hapo, bakteria hupeana vinasaba vya usugu kama majirani wanaopeana ufunguo, hata wakiwa wa aina tofauti. Kwenye utando, ambako wamebanana, kupeana huko ni rahisi.

Hatari hii haikugunduliwa jana. Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini London mwaka 1928, aliitaja mwenyewe alipokwenda Stockholm kupokea Tuzo ya Nobel mwezi Desemba mwaka 1945. Alitoa mfano wa familia. Mume anaumwa koo, anajinunulia penisilini na kunywa kidogo, isiyotosha kuwaua vijidudu ila inayotosha kuwafundisha. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata homa ya mapafu, anapewa penisilini, dawa haifanyi kazi, anafariki. Fleming akawauliza wasikilizaji ni nani anayebeba lawama ya kifo hicho.

Onyo lake lilitimia mapema. Ili kuwashinda stafilokokasi waliokuwa wameishinda penisilini, dawa mpya ya methisilini ililetwa mwaka 1959. Kufikia mwaka 1961, Uingereza ilikuwa imeripoti stafilokokasi walioishinda hiyo pia. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo takriban milioni 1.27 duniani, na Afrika Kusini mwa Sahara iliumia zaidi. Nchini Tanzania tatizo hili limepewa jina la UVIDA, yaani usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa.

Jipu la mtoto

Mbagala, mwezi wa nne wa kidonda cha bibi, mtoto wa miezi 14 aliota jipu pajani. Mama alimpa dawa ya maji iliyokuwa imebaki. Jipu likapasuka, likaota jingine karibu yake, mtoto akapata homa na kukataa kula. Hospitalini walilipasua, wakatoa usaha na kuupeleka maabara kuoteshwa. Majibu yalitoka siku ya tatu: stafilokokasi aliyekuwa sugu kwa dawa kadhaa, zikiwemo za familia ileile iliyokuwa kwenye kopo la maziwa.

Daktari alibadilisha dawa. Kisha akauliza jambo ambalo mama hakulitarajia: "Nyumbani kuna mtu mwenye kidonda?"

Mama alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Yupo mama mkwe."

Hakuna aliyeweza kuapa kwamba bakteria wa mtoto walitoka mguuni kwa bibi. Wangeweza kuja na kaka yake kutoka shuleni, au kutoka kwingine. Lakini njia ilikuwepo: beseni moja, taulo moja, na mikono ya mama inayofunga kidonda asubuhi kisha inakoroga uji. Daktari hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba huyo bibi aletwe wiki hiyohiyo, asisubiri mwisho wa mwezi.

"Hujaanza tu?"

Bibi alikwenda kwa bajaji, akinung'unika kwamba wanapoteza nauli. Kliniki, muuguzi alimwamkia, akamkalisha, akamwomba afumbe macho.

"Bibi, nitakugusa miguuni na uzi. Ukisikia nimekugusa, sema ndiyo."

"Haya mwanangu."

Mkwe alikuwa amesimama pembeni. Aliuona uzi wa nailoni ukibonyea kwenye unyayo, kidoleni, kisha chini ya kidole gumba. Ulipinda kila mahali ulipoguswa. Bibi alikuwa bado amefumba macho, anasubiri.

"Mwanangu," akasema, "hujaanza tu?"

Pale ndipo mkwe alipoelewa kile ambacho vidonge vya miezi minne havikumweleza. Mguu ule ulikuwa hausikii. Bibi alikuwa anaukanyagia kidonda siku nzima, sokoni na msikitini, kwa sababu hakuna kitu kilichomwambia aache.

Sukari ilisoma 17. Picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa wa kidole cha pili umeshaliwa. Kidole kikakatwa, kidonda kikasafishwa hadi kwenye nyama hai, sampuli ikachukuliwa kutoka chini, na antibayotiki ikachaguliwa kwa majibu ya maabara, kwa siku zinazojulikana. Dawa za sukari zikapangwa upya. Bibi akapewa magongo na kiatu cha kuondolea uzito sehemu ya mbele ya mguu, na akaambiwa jambo lililomuudhi kuliko kukatwa kidole: atulie. Cherehani ya nyumba iliuzwa kulipia sehemu ya gharama. Ilichukua zaidi ya miezi mitatu kidonda kufunga, lakini mguu ulibaki.

Visa vya miguu iliyokufa ganzi si vigeni jijini humo. Mwaka 2005 Dk Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa na panya miguuni wakiwa usingizini, bila kuamka. Dk Abbas ni miongoni mwa walioanzisha mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani utunzaji wa miguu ya wenye kisukari. Sehemu kubwa ya elimu hiyo haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji mtu avue kiatu, mwingine atazame.

Yanayowezekana nyumbani

Hesabu wiki. Andika kwenye kalenda au kwenye simu siku kidonda kilipoanza, na ukipige picha kila Jumapili. Wiki nne zikipita bila kupungua, kipelekwe hospitali. Kwa mwenye kisukari usisubiri hata wiki moja. Kidonda chochote cha mguu kionwe mapema.

Kimbia hospitali siku hiyohiyo ukiona homa, wekundu unaopanda, ngozi inayokuwa nyeusi, harufu kali, mfupa unaoonekana, au mgonjwa anayechanganyikiwa.

Usimwage unga wa kidonge juu ya kidonda. Vivyo hivyo majivu, dawa ya meno na mafuta ya gari. Maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, au maji ya chumvi ya hospitali, na bandeji safi vinatosha hadi mtaalamu akione. Usiloweke mguu wenye ganzi kwenye maji ya moto. Asiyesikia moto ataungua.

Usinunue antibayotiki kwa hesabu ya pesa iliyopo mfukoni. Ukiandikiwa dozi na pesa haitoshi, mwambie daktari hapohapo. Mara nyingi ipo dawa ya bei nafuu inayofanya kazi ileile. Tumia kwa siku ulizoambiwa, na usiache bila kumuuliza aliyekuandikia.

Usihifadhi mabaki kwa ajili ya ugonjwa ujao. Kikohozi na mafua ya mtoto mara nyingi husababishwa na virusi, ambavyo antibayotiki haivigusi. Na baadhi ya vidonge hivyo vya rangi mbili ni tetrasaiklini, ambayo inaweza kuyatia madoa ya kudumu meno ya mtoto aliye chini ya miaka 8. Mabaki yarudishwe kwa mfamasia.

Anayefunga kidonda anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, na avae glovu akiweza. Mgonjwa awe na taulo, beseni na kikata kucha chake. Bandeji chafu ifungwe kwenye mfuko, isiachwe mahali mtoto anapotambaa. Hilo si kumtenga mzazi. Mwelezeni sababu, na wajukuu waendelee kukaa naye na kula naye.

Mpeni chakula cha kujenga nyama: maharage, dagaa, mayai, mboga za majani. Anayevuta sigara asaidiwe kuacha, kwa sababu sigara hubana mishipa ya damu.

Na kliniki, mkifika, ulizeni maswali matatu: Ni nini kinachozuia kidonda hiki kufunga? Je, kina maambukizi yanayohitaji antibayotiki, au kinahitaji kusafishwa na kuondolewa uzito? Tukirudi baada ya wiki mbili, tutegemee kuona nini? Muuguzi mzuri hatachukia kuulizwa.

Miguu ya wazazi walio mbali

Wengi wanaosoma ukurasa huu wana mzazi kijijini, na kila wiki hupiga simu kuuliza hali. Mzazi hujibu kwamba ni mzima, ni miguu tu inasumbua kidogo, na mazungumzo yanahamia kwenye mvua na shule. Safari ijayo msikubali jibu hilo likapita. Mwombeni mjukuu au kijana aliye karibu amvue mzee viatu, aangalie nyayo, katikati ya vidole na visigino, kisha atume picha. Mkienda sikukuu, fanyeni wenyewe kabla ya chakula kuwekwa mezani. Wazee wengine wataona haya, wengine watacheka kwamba mmekuwa madaktari. Bibi wa Mbagala naye alinung'unika njia nzima kwenye bajaji. Sasa kila jioni mjukuu wake wa miaka 7 huchukua tochi ya simu na kumkagua mguu uliobaki na vidole vitano na ule wenye vinne, na bibi humnyooshea bila kuambiwa.